Lita Moja Inakupeleka Kilomita Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kupima Ulaji wa Mafuta wa Pikipiki Mombasa

Uliza kwenye steji yoyote ya bodaboda, iwe Buxton, Kongowea au pale Likoni abiria wanapomiminika kutoka feri, pikipiki inakwenda kilomita ngapi kwa lita. Kila mmoja atakutajia namba yake na kuiapia. Huyu hamsini, yule sabini, wa tatu atakwambia inategemea. Ukweli ni kwamba wengi wao hawajapima, wamekadiria: niliweka ya mia tatu asubuhi, nikapiga kazi mpaka adhuhuri, mshale ukalala. Makadirio ya namna hii hayawezi kukupangia nauli, hayamalizi ubishi kati ya dereva na tajiri mwenye pikipiki, na hayatakuonyesha mapema kwamba kabureta imeanza kuharibika. Kwa mtu anayekula kwa pikipiki, mafuta ndiyo gharama inayorudi kila siku, na inastahili kujulikana kwa hakika.

Vifaa vyenyewe ni daftari, kalamu na simu yenye GPS. Zaidi ya hapo ni nidhamu ya kuandika papo hapo, kabla hujawasha pikipiki uondoke. Na usahihi wote uko sehemu mbili: usawa wa mafuta tankini unapoanza na unapomaliza, halafu urefu wa mwendo ulio kati ya nyakati hizo mbili. Mengine yote yaliyomo humu yanalinda hayo mawili.

Namba ya kilomita kwa lita iliyo kwenye tangazo la pikipiki usiipige vita. Hupatikana kwa kupima pikipiki mpya juu ya mitambo ya kuzungusha magurudumu, ndani ya maabara, kwa kuhesabu dereva mmoja wa kilo 75. Hakuna upepo, hakuna matuta, hakuna abiria wawili wala gunia la nazi kutoka Kongowea. Ni kipimo cha kulinganishia pikipiki moja na nyingine, basi. Cha kwako utakipata barabarani.

Kwanza, pikipiki iwe katika hali yake

Pima upepo wa tairi asubuhi kabla ya kutoka, tairi zikiwa baridi, ujaze kama kibandiko cha kwenye pikipiki au kitabu chake kinavyosema. Kipimo cha dereva peke yake na cha dereva na abiria hutofautiana kwa tairi ya nyuma. Chagua kinacholingana na kazi yako, ukishike hivyo hivyo hadi mwisho wa kipimo.

Kisha ipandishe kwenye stendi kubwa, weka gia huru, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likisimama haraka, breki inashika au cheni imekazwa kupita kiasi. Hapa kwetu pwani hili ni la kuangaliwa kwa jicho kali, kwa sababu hewa ya chumvi hutia kutu kwenye mhimili wa breki na kwenye cheni hata kwa pikipiki ambayo haijazeeka. Breki inayokwaruza kidogo hutaisikia ukiendesha, ila injini inailipia kila mita. Tazama pia chini ya kabureta na kwenye mpira wa mafuta: unyevu au harufu ya petroli ni mafuta yanayotoka bila kukupeleka popote.

Ukishaanza kupima, usibadilishe kitu. Usimwage oili, usitie plagi mpya, usiguse skrubu ya kabureta. Kama kuna huduma inayokaribia, ifanye kwanza.

Hakikisha kilomita zako ni kilomita

Pikipiki nyingi za bodaboda husoma mwendo kutoka gurudumu la mbele, kwa waya unaozungushwa na gia ndogo iliyo kwenye habu. Maana yake kubadilisha sproketi (gia ya meno inayozungusha cheni) hakuvurugi hesabu ya kilomita, lakini tairi huivuruga. Tairi ya 2.75-17 ina mzingo wa karibu mita 1.8. Ikiisha milimita 5 za mpira, mzingo unapungua kama milimita 31, karibu asilimia 1.7. Gurudumu linazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ile ile, na odomita, ile saa ya kuhesabu kilomita, inakuandikia kilomita usizokwenda. Ukiongeza kasoro ambayo odomita ilitoka nayo kiwandani, unaweza kujidanganya kwa asilimia kadhaa hata kama mafuta umeyapima vizuri kabisa.

Dawa yake ni kulinganisha odomita na GPS mara moja, ukapata kizidisho chako. Tumia njia ndefu iliyo wazi. Barabara ya Malindi, kutoka Mtwapa kuelekea Kilifi, inafaa sana. Simama kando, washa programu ya kurekodi safari kwenye simu, andika odomita mpaka tarakimu ya mwisho, ile ya mita mia mia, kisha tia simu mfukoni. Usiishike ukiendesha. Ukifika, simama, andika namba zote mbili. Tuseme GPS imesema 40.0 na odomita imesema 42.0. Gawanya 40 kwa 42, unapata 0.952. Kuanzia hapo, kila kilomita za odomita zizidishe kwa 0.952. Ukibadilisha tairi ya mbele, pima kizidisho upya.

Usifanye kazi hiyo ndani ya Mji wa Kale. Kuta zimekaribiana, mawimbi ya setilaiti yanagonga huku na huku, na simu itakuchorea safari ya kuruka mapaa. Tahadhari nyingine ni feri: ukiacha GPS ikirekodi unapovuka Likoni, inahesabu mwendo wa majini ambao pikipiki haikuzungusha hata gurudumu. Odomita haina tatizo hilo.

Kama waya wa odomita umekatika, na pikipiki za namna hiyo ni nyingi mjini, utengeneze kabla ya jambo lolote. Fundi yeyote wa mtaani anaufunga kwa muda mfupi. Kutegemea GPS ya simu siku nzima ya kazi kunachosha betri, na siku moja simu ikizimika kipimo kizima kimeharibika.

Njia ya kwanza: kutoka tanki kujaa hadi tanki kujaa

Chagua kituo kimoja cha mafuta na pampu moja, uanze na umalizie hapo. Pampu hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, lakini pampu mbili halali bado zinaweza kutofautiana kidogo. Ukirudi kwenye ile ile, hata kama ina kasoro ndogo, ni kasoro ile ile kila siku, na ulinganifu wa namba zako unabaki sawa.

Nenda asubuhi. Sakafu iwe tambarare, nayo katika vituo vingi imeinama kidogo kuelekea mfereji, kwa hiyo kumbuka hasa uliposimama. Zima injini, shuka, pandisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Ile ya pembeni haifai kabisa, maana pikipiki ikilala upande mmoja tanki linaacha nafasi ya hewa upande wa pili, na nafasi hiyo haiwi sawa mara mbili.

Sasa mwambie anayejaza unachotaka kabla hajanyanyua mkono: "Dada, nijazie polepole, nitakwambia wapi pa kuishia." Hakikisha pampu inaonyesha sifuri. Mwanzo aende kawaida. Mafuta yakikaribia juu, apunguze mpaka yawe yanadondoka kidogo kidogo, maana mkondo wa nguvu unatoa povu na povu linakuonyesha tanki limejaa wakati bado. Subiri povu litulie, tikisa pikipiki taratibu kushoto na kulia ili hewa iliyonaswa itoke, kisha aongeze mpaka mafuta yaguse ukingo wa chini wa shingo ya tanki. Hapo ndipo alama yako. Usitegemee pampu kujikata yenyewe, kwani kwenye tanki dogo la pikipiki inajikata popote kutegemea pembe ya mdomo wake.

Usipite alama hiyo hata ukishawishika. Petroli hupanuka ikipata joto: lita 10 zikipanda nyuzi 10 zinaongezeka karibu mililita 100. Tanki lililojazwa hadi kifuniko, likiegeshwa juani Mwembe Tayari saa saba mchana, litatoa mafuta nje. Ni hasara, ni kipimo kilichoharibika, na ni hatari ya moto.

Andika odomita, tarehe, saa. Lita za siku hiyo ya kwanza hazina kazi kwenye hesabu. Ulikuwa unaweka alama tu. Endesha kama kawaida yako, kisha urudi pale pale, asubuhi, ujaze hadi ukingo ule ule. Lita zitakazoingia safari hii ndizo pikipiki ilizokula.

Kwa anayenunua mafuta ya mia mbili

Wengi watasema njia hiyo ni ya wenye pesa, maana nani anajaza tanki kila mara? Huhitaji kujaza kila mara. Unahitaji kujaza mara mbili tu, mwanzo na mwisho. Katikati nunua ya mia mbili, ya mia tatu, vyovyote mfuko unavyoruhusu, mradi uandike lita kila unaponunua. Siku ya kumaliza jaza hadi alama, jumlisha lita zote baada ya ule mjazo wa kwanza, hapo umepata.

Andika lita, usiandike shilingi. EPRA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi na bei mpya inaanza tarehe 15, kwa hiyo mia mbili ya tarehe 13 na mia mbili ya tarehe 16 zinaweza kuwa lita tofauti. Namba iko kwenye kioo cha pampu, na tarakimu mbili baada ya nukta zote ni muhimu. Na kwa siku hizo achana na petroli ya chupa za kando ya barabara. Ujazo wake haujapimwa, na ikichanganywa na mafuta ya taa injini inapoteza nguvu na kipimo chako hakitakuwa cha petroli tena.

Kama hata hiyo mijazo miwili haiwezekani, ipo njia ya rizavu, na naipenda kwa sababu haidai pesa ya ziada hata shilingi. Ni ya pikipiki za kabureta zenye koki ya mafuta. Ndani ya tanki, mafuta ya kawaida yanapita kwenye kijibomba kilichosimama, na rizavu inachukua kutoka tundu la chini. Kijibomba hakibadiliki urefu. Kwa hiyo kila mara injini inapoanza kukatakata koki ikiwa mahali pa kawaida, mafuta yameshuka usawa ule ule.

Fanya hivi. Injini ikianza kukata, soma odomita, geuza koki kwenye rizavu, nenda kituoni. Weka unachoweza na uandike lita, kisha rudisha koki mahali pa kawaida. Hapo ndipo wengi husahau, na mafuta yanapowaishia baadaye hawana rizavu ya kuwafikisha popote. Endelea na kazi, ukiandika kila ununuzi, mpaka siku injini ikate tena. Soma odomita. Lita zote ulizotia kati ya kukata kwa kwanza na kwa pili ndizo zilizotumika kwa kilomita hizo, ikiwa ni pamoja na zile ulizoendesha kwa rizavu kwenda kituoni.

Udhaifu wake ni kwamba mafuta yanacheza tankini. Ukiwa unapanda mlima au umelala kwenye kona, injini inaweza kukata mapema. Ikikata mahali pa namna hiyo, usiihesabu, ngoja nyingine iliyotokea kwenye tambarare. Na ukijua inakaribia kukata, geuza mapema kabla ya kupanda Daraja la Nyali au kuteremka kuelekea feri. Si pahali pa kuzimikiwa na injini huku matatu ziko nyuma yako. Kipimo utakianza mara nyingine.

Hesabu, na kosa linalofanywa na wengi

Chukua mfano. Umejaza hadi alama odomita ikisoma 18,204.0. Katikati umenunua lita 1.11, 1.67, 1.11, 1.67, 1.11 na 1.67. Mwisho umejaza hadi alama kwa lita 3.46, odomita ikisoma 18,655.0. Lita ni 11.80. Kilomita za odomita ni 451, ukizidisha kwa 0.952 unapata karibu 429.4. Gawanya kwa 11.80: kilomita 36.4 kwa lita. Kama lita ni shilingi 180, kila kilomita imekula mafuta ya karibu shilingi 4.95. Bila kizidisho ungesema 38.2, na kila nauli ya mbali ungekuwa unaipanga ukijipunja.

Ukiwa na vipimo kadhaa, usijumlishe kilomita-kwa-lita ukagawanya kwa idadi. Tuseme umekwenda kilomita 100 barabara ya Malindi kwa kilomita 50 kwa lita, na 100 nyingine ndani ya mji kwa 30 kwa lita. Wengi watasema wastani ni 40. Safari ya kwanza imekula lita 2, ya pili lita 3.33, jumla 5.33 kwa kilomita 200. Wastani wa kweli ni 37.5. Daima jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, kisha gawanya mara moja.

Kuna faida nyingine ya kujumlisha, nayo ndiyo inayofanya njia hii iwe na nguvu. Tuseme kila ukijaza unaweza kukosea alama kwa mililita 100. Kwenye mjazo mmoja wa lita 3.9 hiyo ni asilimia 2.6. Lakini ukijaza mara tatu mfululizo, kosa la katikati linajifuta: ulichozidisha leo, kesho kinapungua kwenye mjazo unaofuata. Yanabaki makosa ya mwanzo na ya mwisho tu, na mililita 100 ndani ya lita 11.8 haifiki asilimia 1. Ndiyo sababu kipimo cha wiki mbili ni bora kuliko cha siku moja, hata kama siku hiyo ulikuwa mwangalifu mno.

Kusi, kaskazi na foleni

Upepo wa pwani si jambo dogo kwa pikipiki. Msimu wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, ukielekea Kilifi unasukumwa mgongoni na ukirudi unaukabili usoni. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, mambo yanageuka. Kwa hiyo safari ya upande mmoja haikuambii kitu. Pima kwenda na kurudi, na usilinganishe namba ya Julai na ya Januari bila kukumbuka upepo. Mwendo nao vilevile: nguvu ya hewa kukuzuia hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka 60 hadi 80 kwa saa inaongezeka karibu mara 1.8.

Mjini adui ni kusimama. Foleni ya Kongowea asubuhi au ya kungojea feri jioni inakula lita bila kuongeza kilomita. Kwenye daftari andika neno moja la siku: mvua, foleni, mzigo, abiria wengi. Ukiweza, weka hesabu mbili tofauti, ya mjini na ya barabara kuu, kwa sababu nauli ya kwenda Mtwapa haifai kupangwa kwa namba ya Digo Road.

Ukitaka kujua kama kitu kipya kimesaidia

Umeuziwa plagi ya bei, au dawa ya kutia tankini, na muuzaji anakuapia utaokoa. Pima kabla, pima ukiwa nacho, kisha kitoe upime tena. Kipimo cha tatu ndicho cha maana. Namba ikipanda na kitu hicho, na ikashuka ukikitoa, una sababu ya kukiamini. Ikibaki juu baada ya kukitoa, kilichobadilika ni upepo, barabara au mkono wako kwenye klachi. Tofauti iliyo chini ya asilimia 3 usiifanyie uamuzi.

Mafundi wengine hutumia chupa yenye alama za mililita, inayoning'inizwa juu ya kabureta badala ya tanki. Ni sahihi, ila ni petroli wazi karibu na injini ya moto. Iache kwa fundi anayeijua, na isifanywe kwenye barabara yenye magari.

Namba ikishuka

Ukishakuwa na namba yako ya kawaida, rudia kipimo kila baada ya miezi michache. Ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi na kazi ni ile ile, kwanza hakikisha mafuta hayanyonywi usiku: andika odomita unapoegesha, tikisa tanki, na asubuhi tikisa tena. Kisha rudi kwenye yale ya bure: upepo wa tairi, breki, cheni. Fuata na chujio la hewa, ambalo kwa vumbi la njia za Mshomoroni au Jomvu huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Angalia kama choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, inarudi mahali pake kabisa. Waya wake ukishika kutu inabaki nusu, na pikipiki inakunywa mafuta mengi huku ikiendelea kukimbia vizuri tu. Toa plagi uitazame: ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanaingia mengi kuliko hewa. Hayo yote yakiwa sawa ndipo fundi afungue kabureta, na umwonyeshe daftari kabla hajagusa skrubu hata moja.